Kufuga Mbwa Wawili wa Jinsia Moja: Hukmu Yake, Twahara na Namna ya Kuwatunza



Suala la mbwa halina raha kulizungumza visiwani kwetu. Wengi wetu tumelelewa kumkimbia mbwa, na wengine kumpiga mawe. Pamoja na hayo, zipo familia za Kiislamu zenye mashamba, mifugo, au nyumba zilizo mbali na watu, ambazo zina mbwa wa ulinzi na zinafikiria kuongeza wa pili. Hapo huzuka maswali: Je, inafaa kuwa na mbwa wawili? Je, wawe madume wote, au majike wote, ili wasizaane? Na mbona wawili hao, waliokua wakicheza pamoja, sasa wanaumana hadi kutoana damu?

Katika makala hii tutaeleza hukmu ya Sharia kwanza, kisha yanayojulikana kuhusu tabia za wanyama hawa, kwani mwenye kufuga bila ya kujua huingia katika dhulma naye hana habari.

Je, Mbwa Anafugwa kwa Sababu Gani?

Imethibiti katika Hadiyth zilizopokewa na Al-Bukhaariy na Muslim kwamba mwenye kuweka mbwa asiye wa kuwinda, wala wa mifugo, wala wa shamba, hupungukiwa kila siku na thawabu za amali zake kiasi cha qiyraatw moja, na katika mapokezi mengine qiyraatw mbili. Kwa hiyo asili ya kumweka mbwa bila ya haja ni kukatazwa, na ruhusa imekuja kwa haja maalumu.

Ama kulinda nyumba, Wanazuoni wa madhehebu ya Ash-Shaafi'iy, ambayo ndiyo yenye wafuasi wengi katika visiwa vyetu, wamekhitalifiana. Kauli iliyo sahihi zaidi kwao, kama alivyoeleza Imaam An-Nawawiy, ni kuwa inajuzu, kwa kukisia juu ya haja zilizotajwa katika Hadiyth. Vilevile kauli iliyo sahihi kwao ni kuwa inajuzu kumlea mtoto wa mbwa ili akikua atumike kwa moja ya haja hizo.

Hili si jambo geni kwetu. Wasasi wa Unguja wamekuwa wakitoka na mbwa wao tangu enzi za wazee kufukuza nguruwe mwitu wanaoharibu mihogo na viazi mashambani. Na Qur-aan imetaja wanyama wa kuwindia waliofundishwa katika Suwrat Al-Maaidah, Aayah ya 4, na imemtaja mbwa wa Watu wa Pangoni katika Suwrat Al-Kahf.

Ama kumweka mbwa kwa sababu ya kupendeza tu, au kuiga wageni, au kutaka kuonekana mtu wa hali ya juu, hilo halimo katika ruhusa, awe mmoja au wawili.

Je, wa Pili Anahitajika?

Ruhusa iliyofungamana na haja hukadiriwa kwa kiasi cha haja hiyo. Sharia haikutaja idadi maalumu. Mwenye shamba kubwa la pande mbili, au mwenye mbuzi wanaolala mbali na nyumba, huenda mbwa mmoja asimtoshe. Ama mwenye nyumba ya vyumba vitatu na uwa mdogo, aliyezungukwa na majirani kila upande, mara nyingi mmoja anamtosha, na pengine hata huyo mmoja hamhitaji: taa ya nje, mlango madhubuti na ujirani mwema humtosha.

Tunawanasihi ndugu zetu wajiulize maswali matatu kabla ya kumleta wa pili. La kwanza: ni kazi gani ambayo huyu wa kwanza haiwezi? La pili: tuna chakula cha wawili kila siku, pamoja na gharama ya chanjo? La tatu: tuna mahali pa kuwatenganisha wakigombana? Likikosa jibu mojawapo ya haya, basi kumwacha wa pili ni bora.

Haifai pia kumleta wa pili eti amchangamshe wa kwanza anayebweka usiku kucha. Mbwa anayebweka kwa upweke, njaa au kufungwa mnyororo mchana na usiku dawa yake ni kuondoshewa sababu. Ukimwongezea mwenziwe, mara nyingi utapata wawili wanaobweka.

Sharia Inasemaje Kuhusu Jinsia?

Hatujui nassi yoyote inayotofautisha baina ya mbwa dume na jike katika ruhusa ya kufuga, katika najisi, wala katika haki zao. Kuweka madume wawili, au majike wawili, au dume na jike, yote ni sawa kwa upande huo, maadamu ipo haja.

Lakini kuchagua wa jinsia moja kuna maslahi ambayo familia ya Kiislamu inapaswa kuyatazama. Mbwa jike huingia kwenye joto takriban mara mbili kwa mwaka, na hubeba mimba kwa muda wa siku 63 hivi, kisha huzaa watoto kadhaa kwa pamoja. Kwa hiyo dume na jike waliowekwa pamoja wanaweza kuijaza nyumba watoto katika mwaka mmoja tu. Na hapo mwenye nyumba hujikuta katika dhiki tatu:

Ya kwanza, hawezi kuwauza. Imethibiti kwa Al-Bukhaariy na Muslim, katika Hadiyth ya Abuu Mas'uwd Al-Answaariy (Radhiya Allaahu 'anhu), kwamba Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) amekataza thamani ya mbwa. Jamhuri ya Wanazuoni, wakiwemo Mashaafi'iy, wameshikamana na katazo hilo. Mahanafi wameruhusu kuuza mbwa mwenye manufaa. Kwetu sisi njia iliyo salama ni kumpa bure mwenye haja naye.

Ya pili, hana haja nao. Ruhusa yake ilikuwa ya mlinzi mmoja au wawili, na sasa ana tisa.

Ya tatu, akishindwa nao huwatupa. Hutiwa kwenye gunia wakapelekwa pwani, au jaani, au barabarani, wafe kwa njaa au wakue kuwa mbwa koko wanaowasumbua watu. Hii ni dhulma ya wazi. Sote tunaijua Hadiyth ya mwanamke aliyeingia Motoni kwa sababu ya paka aliyemfungia, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie. Anayewafunga watoto wa mbwa katika gunia anakaribia kosa lile lile.

Na Je, Kuwahasi?

Wapo wanaosema: Chukueni dume na jike, kisha mpelekeni mmoja kwa daktari wa mifugo akahasiwe. Hapa pana khitilafu. Imaam An-Nawawiy amenukuu kutoka kwa Al-Baghawiy kwamba kuhasi mnyama asiyeliwa ni haramu, na anayeliwa inajuzu akiwa mdogo. Mahanafi wameruhusu kuhasi wanyama pakiwa na manufaa. Na wapo Wanazuoni wa zama zetu walioruhusu upasuaji wa kuzuia uzazi kwa wanyama wa nyumbani wanapokithiri na kuleta madhara, kwa sharti kwamba asiteswe, kwani hilo ni jepesi kuliko kuwaua.

Basi familia inayoshikamana na kauli ya Mashaafi'iy, na ambayo kweli ina haja ya mbwa wawili, kuwaweka wa jinsia moja ni njia nyepesi ya kujitoa katika khitilafu hiyo na pia katika dhiki ya watoto. Hii ndiyo faida yake. Lakini faida hii ina gharama, na gharama yake ni ugomvi.

Kwa Nini wa Jinsia Moja Hugombana Zaidi?

Linalojulikana kwa madaktari wa mifugo na wafunzaji wa mbwa ni kuwa dume na jike mara nyingi hukaa pamoja kwa amani zaidi kuliko wa jinsia moja. Wa jinsia moja wanaweza kupatana vizuri, na wengi hupatana, lakini wakiwahi kugombana ugomvi wao huwa mgumu kutulia.

Madume wawili: Hugombana kwa kelele nyingi, mara nyingi juu ya chakula, mlango, au jike wa jirani aliye kwenye joto. Harufu ya jike huyo huwafikia kutoka mbali, na madume waliokuwa watulivu mwezi mzima hugeuka katika wiki hiyo. Pia wakipata upenyo hutoka wakatangatanga, na hurudi na majeraha.

Majike wawili: Watu wengi hudhani majike ni wapole, hivyo hawatagombana. Hili si kweli daima. Majike wanaoishi nyumba moja wakianza uadui, mara nyingi huumana vibaya, na huwa vigumu kuwapatanisha tena. Ugomvi wao huzidi karibu na wakati wa joto, au mmoja wao anapokuwa na watoto. Na tusisahau: majike wawili hawazuii uzazi ikiwa uwa hauna ukuta, kwani madume wa mitaani watawafuata. Joto la jike huchukua wiki mbili hadi tatu, na muda wote huo lazima afungiwe mahali pasipoingilika.

Umri: Mbwa wawili wakiletwa wadogo hucheza pamoja, na wenye nyumba husema hawa ni ndugu. Ugomvi wa kweli mara nyingi huanza wanapokomaa, baina ya mwaka mmoja na miaka mitatu. Kwa hiyo kupatana kwao utotoni si dhamana. Waliozaliwa tumbo moja na kulelewa pamoja wana tatizo jingine: huzoeana wao kwa wao kuliko wanavyomzoea mwenye nyumba, hivyo huwa wagumu kufundishwa. Wakiwa wote wamelingana umri, nguvu na jinsia, hakuna anayempisha mwenziwe.

Namna ya Kuchagua na Kuwakutanisha

Kwa mazingira ya visiwa vyetu, ambako kuhasi ni kwa nadra na watu wengi wanajiepusha nako, tunaona madume wawili waliotofautiana umri ni wepesi zaidi kwa familia kuliko majike wawili, kwa sharti kuwa uwa una ukuta au uzio imara. Umri utofautiane kwa miaka miwili au zaidi. Wa kwanza awe ameshafundika: anaitika akiitwa, anakaa akiambiwa, haparamii chakula. Asiyemuweza mmoja hatawaweza wawili.

Siku ya kumleta mgeni, msimwingize moja kwa moja katika uwa. Mbwa hulinda mahali pake, nanyi ndiyo kazi mliyomwekea. Wakutanishwe nje, mahali ambapo si pa yeyote kati yao, kama njia ya shambani au uwanja mtupu, kila mmoja ameshikwa kamba na mtu mzima wake. Watembezwe upande mmoja wakiwa na nafasi baina yao, kisha nafasi ipunguzwe kidogo kidogo. Wakitulia ndipo waingizwe nyumbani pamoja, na vyombo vya chakula viwe vimeondoshwa.

Kwa wiki kadhaa za mwanzo wasiachwe peke yao bila ya mtu mzima. Usiku, au mkitoka nyumbani, kila mmoja akae upande wake.

Chakula, Maji na Mahali pa Kulala

Sehemu kubwa ya ugomvi wa mbwa wa nyumba moja huanzia kwenye sahani. Kila mmoja awe na chombo chake na mahali pake, mbali na mwenziwe au nyuma ya mlango. Msimwage ukoko wa wali na vichwa vya samaki chini katikati ya uwa mkawaacha wagombanie. Wakishamaliza, vyombo viondoshwe. Maji yawepo mahali pawili, wakati wote, hasa katika jua la kaskazi.

Mahali pa kulala pia pawe pawili, pakavu, penye kivuli. Kumfunga mbwa mnyororo mfupi siku nzima humfanya mkali, na wawili waliofungwa wakitazamana huzidi kuchukiana.

Haya si hisani tu. Mnyama aliye chini ya mkono wa mtu ana haki ya kulishwa na kunyweshwa. Tunajua Hadiyth ya mtu aliyeteremka kisimani akamtekea maji mbwa aliyekuwa na kiu, Allaah Akamghufiria. Mafaqihi wa Kishaafi'iy wamefika mbali zaidi: mtu akiwa safarini na maji yake ni ya wudhuu tu, na mnyama wake mwenye heshima ya kisharia ana kiu, basi atampa mnyama maji naye atatayamamu. Mbwa anayefugwa kwa haja iliyoruhusiwa anaingia katika hukmu hiyo.

Dalili za Ugomvi na Namna ya Kuwaamua

Mara nyingi mbwa hawaanzi kuumana ghafla. Kabla ya hapo mmoja humkodolea macho mwenziwe, mwili unakakamaa, manyoya ya mgongoni yanasimama, anamzibia njia mlangoni, ananguruma juu ya chakula. Mkiona hivyo, waiteni mbali mbali kwa utulivu. Msimpige anayenguruma. Kunguruma ni onyo, na mbwa aliyezoeshwa kupigwa kwa kuonya hujifunza kuuma bila ya kuonya.

Wakishashikana, msitie mkono baina yao wala kushika shingo. Baadhi ya wanaoumwa na mbwa wao wenyewe huumwa wakati wa kuamua. Wamwagieni ndoo ya maji, pigeni kelele kubwa kwa sufuria au bati, au ingizeni ubao baina yao. Watoto waondoshwe kwanza kabla ya lolote. Wakiachana, kila mmoja afungiwe mahali pake, wala msiwarudishe pamoja siku hiyo ili eti wapatane.

Wapo wanaosema: Waacheni wapigane mpaka ajulikane mkubwa nani. Hili halifai kitabia wala kisharia. Kitabia, kila pigano huzidisha uadui. Kisharia, imekuja Hadiyth kwa Abuu Daawuud na At-Tirmidhiy katika kukataza kuwachochea wanyama wapigane. Isnadi yake imezungumzwa, lakini maana yake inakubaliana na misingi ya Sharia ya kukataza kutesa wanyama. Na vijana wanaowakutanisha mbwa makusudi ili wajifurahishe, au wawekeane pesa, wamekusanya dhulma na kamari.

Wakishindwa Kabisa Kukaa Pamoja

Baadhi ya mbwa hawapatani hata mkifanya yote. Hapo ziko njia tatu. Ya kwanza, kuwatenganisha kwa zamu: huyu anafunguliwa usiku wa kwanza, yule wa pili, au mmoja anakaa mbele na mwingine nyuma, na ukuta baina yao. Ya pili, mmoja apelekwe shambani kwenye kazi, penye mtu wa kumlisha. Ya tatu, apewe Muislamu au asiyekuwa Muislamu mwenye haja naye na anayeaminika kumtunza, bila ya kuchukua thamani, na aambiwe kweli kuhusu tabia yake. Kuficha kwamba mbwa anauma ni ghishi, hata kama umempa bure.

Kumtupa mbali hakufai. Na kumuua kwa kuwa hapatani na mwenziwe hakufai pia, maadamu hawadhuru watu.

Twahara katika Nyumba Yenye Mbwa Wawili

Katika madhehebu ya Ash-Shaafi'iy mbwa mzima ni najisi nzito: mate, jasho, damu na unyevu wake wote. Mahanafi wanasema najisi ni mate na kinyesi chake, ama mwili wake si najisi. Maalik amesema mbwa ni twahara, na kuosha chombo ni ibada. Tunaeleza hapa kwa kauli ya Mashaafi'iy.

Chombo kilichorambwa na mbwa huoshwa mara saba, moja kati yao kwa maji yaliyochanganywa na udongo twahara, na bora iwe ya mwanzo. Sabuni haisimami mahali pa udongo kwa kauli iliyo na nguvu katika madhehebu.

Je, wakiramba mbwa wawili chombo kimoja, kitaoshwa mara kumi na nne? Hapana. Kauli sahihi, kama alivyoeleza Imaam An-Nawawiy, ni kuwa mara saba zinatosha kwa wote, hata wakiwa wengi au mmoja akirudia mara nyingi.

Nguo au ngozi iliyoguswa na mbwa aliyelowa, au iliyolowa ikamgusa mbwa, nayo huoshwa hivyo hivyo. Ama kavu kwa kavu hakuna kinachohamia, na hapana haja ya kuosha. Ardhi ya udongo iliyonajisika huoshwa mara saba kwa maji, bila ya kuhitaji udongo mwingine.

Hapa ndipo ugomvi unapogusa swala zetu. Mbwa wawili wanaoumana hurusha mate na damu ukutani, kwenye nguo zilizoanikwa na miguuni mwa anayewaamua. Nyumba yenye amani baina ya mbwa wake ni nyepesi kutwaharika. Kwa hiyo tengeni mpaka: mbwa wasiingie ndani, wasifike jikoni, kwenye kamba ya nguo, kwenye mitungi wala mahali pa kuswali. Vyombo vyao visichanganywe na vya watu. Awepo mtu mmoja mwenye nguo maalumu ya kuwahudumia.

Kuwaweka nje kuna sababu nyingine pia. Imethibiti kwamba Malaika hawaingii nyumba yenye mbwa. Baadhi ya Wanazuoni, kama Al-Khattwaabiy, wamesema mbwa walioruhusiwa hawamo katika hilo. An-Nawawiy ameona kauli yenye nguvu ni kuwa linawaenea wote. Banda la nje linatutoa katika khitilafu hiyo.

Akiumwa Mtu, na Chanjo

Kichaa cha mbwa ni maradhi yanayoua karibu kila aliyeonyesha dalili zake. Duniani huua watu wanaokadiriwa kuwa 59,000 kila mwaka, na wengi wao huambukizwa na mbwa. Kisiwani Pemba chanjo za mbwa ziliwahi kuyaondosha, yakarudi mwaka 2016 kwa kuingia kutoka nje ya kisiwa, kisha kampeni za chanjo zikayazima tena. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa kuchanja asilimia 70 ya mbwa wa eneo hukata maambukizi. Kwa hiyo mwenye mbwa wawili awapeleke wote wawili kwa daktari wa mifugo tangu wakiwa na umri wa miezi mitatu, kisha kila mwaka kwa ratiba atakayopewa.

Mtu akiumwa, hata na mbwa wa nyumbani, hata kwa jeraha dogo, jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo. Asingoje kumtazama mbwa kwanza.

Na hapa tunatahadharisha: asitie udongo katika jeraha kwa nia ya kutwaharisha. Kuondosha najisi hulazimu kwa kadiri ya uwezo, na Sharia haikuja kumtia mtu madhara. Ataosha jeraha kwa maji na sabuni, atapata matibabu, ataswali kwa hali yake. Udongo utumike kwenye nguo na ngozi iliyo nzima tu.

Haki za Jirani

Mwenye mbwa anayejulikana kuwa anauma, akamwacha huru, ana dhamana ya alichodhuru. Mbuzi wa jirani akiuawa, alipe. Mtoto akiumwa njiani anapokwenda chuoni, asiseme ni bahati mbaya. Kabla ya kumleta mbwa wa pili, mwambieni jirani, na msikilize akisema ana mgonjwa au watoto wadogo. Mbwa wasiachwe karibu na njia ya msikitini wakati wa Alfajiri na 'Ishaa, kwani wapo wazee wanaoacha jamaa kwa kuogopa.

Muhtasari

1. Mbwa hufugwa kwa haja ya kisharia tu, na idadi hufuata haja. Familia nyingi za mjini hazihitaji wa pili.

2. Kuwaweka wawili wa jinsia moja kunajuzu, na kunasaidia kuepuka watoto wasio na mahali pa kwenda.

3. Wa jinsia moja wana hatari zaidi ya kugombana, hasa wakilingana umri. Tofautisheni umri, tenganisheni chakula na malazi.

4. Majike wawili bila ya ukuta hawazuii uzazi.

5. Kuwaacha wapigane, kuwatupa au kuwanyima chakula ni dhulma.

6. Chombo kilichorambwa na wote wawili huoshwa mara saba tu, moja kwa udongo. Jeraha haliwekwi udongo.

7. Chanjo ni ya wote wawili.

Asiyeweza kusimamia haya kwa mbwa wawili, abaki na mmoja. Na asiyeweza kwa mmoja, afunge mlango wake vizuri, amtegemee Allaah, na ajirani na watu kwa wema.

Na Allaah Anajua zaidi.